Mawe ya Gramu

Mimi ni dobi, na doa halijawahi kunishinda. Nalisema mapema ili usije ukaniuliza baadaye kichwa changu kilikuwa wapi. Mashuka ya hospitali nzima yanapita kwenye mikono hii: damu, dawa, uji, na mengine ambayo sitayataja kwa heshima yako. Kazini wananiita Mama Povu. Nikikabidhiwa kitu kichafu siulizi kimechafukaje. Nakunja mikono ya gauni, nasugua.

Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa fundi mizani. Watu walimwita Gramu tangu ujana wake, kwa sababu ukimwambia "sogea kidogo" anakuuliza kidogo kiasi gani. Alizunguka masokoni na maghalani akirekebisha mizani, kisha anaipiga muhuri kuwa inasema kweli. Alikuwa na leseni, nyundo ndogo ya muhuri, na sanduku la mbao lenye mawe tisa ya kupimia, ya shaba. Kubwa lilikuwa la kilo mbili, na dogo kabisa lilitoshana na kifungo cha shati. Mizani yoyote ikibishana na mawe ya Gramu, basi mizani ndiyo iliyokosea.

Kisha akafanya ujinga, na sitaupamba. Mnunuzi mmoja wa mazao alimwomba aibane mizani ya ghala lake, kidogo tu, wakulima wasishtuke. Gramu huyu huyu wa kuuliza kidogo kiasi gani, siku hiyo hakuuliza. Akaibana, akaipiga muhuri. Msimu mzima watu walileta jasho lao likapimwa pungufu, mpaka mama mmoja mkaidi alipopima gunia lake kwingine kabla ya kulipeleka pale. Mahakamani Gramu alikiri. Akatiwa hatiani, akapewa miaka miwili.

Mimi nilidhani miaka miwili ni miaka miwili. Wapi! Alipotoka ndipo kifungo kilipoanza. Kila fomu duniani ina swali lile: umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote? Pembeni kuna visanduku viwili, ndiyo na hapana. Aliomba kazi ya ulinzi, kisanduku. Akaomba kupanga chumba, kisanduku. Binti yangu alipohitaji mtu wa kumdhamini chuoni, mjomba wake alivaa shati jeupe, akaenda, akarudi nalo jeupe vile vile, fomu haina sahihi. Mchumba wake alirudisha pete ndani ya bahasha, bila hata barua. Mtaani alikuwa katibu wa kamati ya maji, na walimvua ukatibu kwa upole mno, nikatamani wangemtukana. Mwishowe nikamwingiza kazini kwangu akanyooshe mashuka. Fundi aliyekuwa anapima uzito wa unywele, anakunja mashuka!

Nilimkaripia? Nilimkaripia sana. "Wewe mtu mzima, umejipaka matope kwa mkono wako mwenyewe!" Naye hujibu, "Ndiyo, dada." Hivyo tu. Mtu asiyejitetea anachosha kumgombeza.

Sasa, lile sanduku. Siku ya hukumu hakimu aliagiza likae kwa ndugu, na nikapewa karatasi iliyosema mfungwa asiguse mawe haya mpaka Bodi ya Vipimo itakapoamua. Gramu aliitii karatasi ile kuliko mimi ninavyotii saa ya kazi. Miaka mitatu aliyokaa kwangu baada ya kutoka, sanduku likiwa juu ya kabati langu, hakuwahi hata kulifungua. Lakini karatasi ilimtaja yeye. Mimi haikunitaja.

Nililifungua wiki ya kwanza tu alipofungwa. Nikakuta mawe yamefifia, yana weusi weusi, na moyo ukaniuma. Nikajiambia, heri mawe haya yamngoje yakiwa safi, maana jina lake siwezi kulisafisha. Basi kila Ijumaa nikitoka kazini, majivu laini, kitambaa kibichi, nasugua. Namtukana huku nasugua, namwombea huku nasugua. Yaking'aa nikaona uso wangu, nafunga sanduku. Alipotoka sikumwambia, nilitaka iwe zawadi ya siku yake. Miaka mitano, Ijumaa kwa Ijumaa.

Siku yake ilikuwa hii: sheria ilisema aliyefungwa kwa kosa la vipimo anaweza kuomba leseni baada ya miaka mitano tangu hukumu. Anaomba mara moja. Akikataliwa, anangoja mitano mingine. Na Bodi lazima iridhike na mambo mawili, kwamba mwenyewe ni mwaminifu na mawe yake ni kamili. Gramu alikuwa na miaka hamsini na sita, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kutetemeka asubuhi. Mitano mingine ingemkuta hawezi tena kushika koleo ya mawe madogo. Alilijua hilo, na mimi nililijua.

Kikao kilifanyika katika chumba cha kupimia. Jamani! Nimeingia vyumba vya upasuaji kuchukua mashuka, nimeona utulivu, lakini si ule. Milango miwili, na wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza ujifunge, ili upepo usiingie. Sakafu haikuwa na hata mchanga mmoja, na mimi ni mtu wa kuutafuta. Katikati palikuwa na meza ya jiwe, juu yake sanduku la kioo, na ndani mizani ya mikono miwili, myembamba, imetulia. Pembeni, chini ya bakuli la kioo, lilikaa jiwe la kilo ambalo mawe yote ya nchi yanalifuata. Niliingiwa na hofu ya ajabu. Nikajikuta nimeshika viatu mkononi na sikumbuki nimevivua saa ngapi.

"Mama, vaa tu viatu," akasema Mkaguzi Mkuu, mzee mwenye miwani minene, huku anacheka. Akaniona ninavyoikodolea macho ile mizani, akauokota unywele uliokuwa begani mwa gauni langu kwa koleo ndogo, akauweka kwenye sahani moja. Sahani ikashuka. Naapa, ikashuka! Unywele wangu mmoja, na chuma kikausikia. Mwili ukanisisimka wote. Miaka yote hii mdogo wangu ananiambia kazi yake, nami namwitikia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Upande wa pili wa meza aliketi mwanasheria wa Bodi, mwanamke kijana, kalamu wima. "Anayeomba afungue sanduku lake," akasema. "Ruhusa ya kuyagusa mawe inaanza sasa."

Gramu akavaa glavu nyeupe, akafungua. Nikamtazama usoni kupokea furaha yangu.

Furaha haikuja. Mawe yalimeta hadi yakaichora dari, naye uso wake ukawa wa mtu aliyeamka akakuta nyumba imehama. Akalitazama la kwanza, la pili, mpaka la tisa. Halafu akanitazama mimi, muda mfupi tu. Macho yake hayakuwa na hasira hata chembe, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Mheshimiwa," akamwambia Mkaguzi Mkuu, "kabla hayajapimwa nina la kusema. Mawe haya ni mepesi."

Kalamu ikasimama. "Umeyapima?" mwanasheria akauliza.

"Hapana. Leo ndiyo mara ya kwanza kuyaona tangu hukumu. Lakini shaba ikikaa inafifia. Hii inang'aa. Ikisuguliwa inalika, na iking'aa hivi imesuguliwa sana. Jiwe la kilo litakuwa limepungua karibu gramu moja."

Miaka mitano ya Ijumaa ikanipita kichwani, majivu kwa majivu. Nilikuwa nayafuta, jamani, nayafuta kidogo kidogo huku nikiona uso wangu!

"Unaelewa unachosema?" Mwanasheria hakuwa mkali. Alionekana kama mtu anayemvuta mwenzake asikanyage shimo. "Kwa kawaida tunapima mawe mawili tu, tena kwa mizani ya sokoni. Gramu moja isingeonekana."

"Naelewa. Nilifungwa kwa sababu niliipigia muhuri mizani pungufu nikanyamaza. Siwezi kuomba leseni nikiwa nimenyamaza tena."

"Nani aliyeyasugua?"

"Mawe ni yangu," akasema Gramu. "Liandikwe jina langu."

Hapo nikashindwa. Tulikwishaonywa kuwa ndugu aliyehudhuria haongei, lakini mimi na kunyamaza hatukukua pamoja. "Ni mimi!" nikapiga kelele, mpaka ile mizani ikatikisika ndani ya kioo chake. "Ni mimi, mheshimiwa! Karatasi ilisema asiguse yeye, haikusema nisiguse mimi! Mimi ni dobi, nilidhani ni uchafu! Kama kuna kosa nifungeni mimi, huyu keshafungwa vya kutosha!" Nikalia kwa sauti, kilio kibaya, cha kamasi.

Gramu akaja akanishika bega. "Dada, tulia. Mizani haipendi upepo."

Mwanasheria alipekua sheria yake, ukurasa kwa ukurasa. Mkaguzi Mkuu alivua miwani akaifuta, akaivaa, kisha akalishika jiwe letu la kilo kwa koleo, akaliweka upande mmoja, na lile la chini ya bakuli upande wa pili. Jiwe langu likapanda juu. Akaongeza vijiwe vidogo kimoja kimoja kando yake, mpaka mshale ukasimama katikati.

"Miligramu mia tisa na arobaini," akasoma. Akamtazama Gramu. "Kwa macho tu ulisema karibu gramu."

Mimi nilikuwa nakitazama kile kirundo cha vijiwe, vidogo kama mbegu. Hicho ndicho nilichokitoa. Kila Ijumaa, kila tusi, kila dua, vyote vilikuwa pale mezani na uzito wake unajulikana. Sikujua kwamba kuna mahali duniani panapoweza kupima kitu kama hicho.

"Sheria inataka mawe kamili," mwanasheria akasema polepole. "Haya si kamili. Lakini kifungu kinasema yawe kamili wakati wa uamuzi, na Bodi haijaamua bado." Akafunga kitabu. "Mimi sina haraka."

Mkaguzi Mkuu akaligeuza jiwe. Chini yake palikuwa na kitundu kilichozibwa kwa madini ya risasi, na juu ya risasi muhuri wa zamani. Sikuwahi kujua kazi ya kile kitundu. Nilikuwa nakisugua pia. "Kinajazwa," akaniambia mimi, "jiwe likipungua. Kwa kawaida najaza mwenyewe." Akamsogezea Gramu kisahani cha chembe za risasi. "Leo utajaza wewe, mbele yangu, na mizani itasema."

Saa mbili nzima. Gramu alizibua kizibo, akaweka chembe, akapima, akatoa, akakata chembe nusu kwa kisu, akapima tena. Vidole vilivyokuwa vinatetemeka juu ya mashuka yangu vilitulia tuli. Nimeishi na mtu huyu tangu amezaliwa, nimembeba mgongoni, na sikuwahi kumwona. Kila mshale ulipoelekea katikati nilijikuta nimebana pumzi, na nikimtazama mwanasheria, naye amebana. Jiwe la kwanza likakubali. La pili likakubali. Saba yakakubali. Mawili madogo hayana kitundu, hayajaziki. Yakaandikwa kuwa yamekufa, na Gramu akapewa siku thelathini alete mengine.

Kisha Mkaguzi Mkuu akamkabidhi nyundo ya muhuri. Gramu akaishika, asiipige. Ndipo akalia, mdogo wangu, bila sauti, machozi yanaingia kwenye glavu. "Piga," mzee akamwambia. Akapiga.

Leseni alipewa wiki ile ile, kwa sharti asianze kazi mpaka alete yale mawili. Nyuma yake imeandikwa kosa lake, tarehe na hukumu, na itaandikwa hivyo kila inapotolewa upya, mpaka anakufa. Niliposoma nikafoka, "Kwa hiyo hawafuti?" Akasema, "Hawafuti, dada. Ila sasa natembea nayo." Fomu bado zina visanduku vyake. Pete haikurudi. Lakini juzi amerudi sokoni, na yule mama mkaidi aliyemfungisha ndiye wa kwanza kumletea mizani yake. Aliketi pale pale mbele yake mpaka kazi ikaisha, hakupepesa macho.

Yale mawe mawili yaliyokufa aliniachia mimi. Nimeyaweka dirishani jikoni. Mwezi wa kwanza yalikuwa yanameta, sasa yameanza kufifia, na lile dogo lina doa jeusi kabisa, kubwa kama punje ya mtama. Ijumaa nikitoka kazini nayaona, na mikono inaniwasha. Naiweka mifukoni mwa gauni.