Pumzi ya Skuta

Mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na Lugano alikuwa amechuchumaa chini ya turubai lake karibu na stendi, akichokonoa mpira wa kupumulia wa skuta kwa kijiti cha mwanzi. Uchafu uliotoka ulikuwa mweupe na mzito kama mtindi. Wateja wengi waliuogopa, wakidhani injini imeoza. Yeye alijua ulikotoka. Injini ndogo ikikimbizwa kwenye baridi na ukungu, mvuke wake unagandana na oili na kuziba mpira ambao tumbo la injini linapumulia. Pumzi ikikosa pa kutokea inasukuma sili inayozuia oili, sili inachomoka, na oili inamwagikia gurudumu la nyuma.

Dawa aliipata mwenyewe, baada ya miezi miwili ya kuharibu na kutengeneza. Alitoboa tundu kubwa juu ya injini, akafunga mpira mnene unaopanda moja kwa moja hadi chini ya kiti, na mwisho wake akaweka kopo la poda lililojazwa waya wa kusugulia sufuria. Oili inanaswa humo, hewa inatoka. Haikuwa na sura ya kutazamika, lakini skuta yake ilipanda kutoka kijiji cha Masoko wiki tatu za masika bila kudondosha hata tone.

Kosa lake lilikuwa drili. Turubai halina umeme, kwa hiyo tundu lile alikwenda kulitoboa kwa Hashimu, ng'ambo ya barabara, kwenye duka la vipuri lenye kaunta ya kioo. Hashimu alimwuliza swali moja tu, hiyo kitu ni ya nini. Na Lugano, ambaye hakuwa amewahi kuulizwa hivyo na mtu mwenye kaunta, alieleza kila kitu, hadi akamchorea kwa chaki kwenye sakafu ya saruji.

Sasa mradi wa chanjo ulikuwa umeleta skuta kumi zilizotumika, kutoka Dubai, na leo ulikuwa unachagua fundi wa kuzitunza. Lugano alinawa mikono kwa mafuta ya taa, mafuta ambayo bei yake ilipanda tena wiki iliyopita, akavaa shati la kanisani na kwenda.

Karani wa mradi, mzee Ambindwile, aliitikia shikamoo yake huku akiandika.

"Leseni yako, kijana."

Lugano akaeleza. Ameomba tangu Pasaka. Mara nne ofisa wa biashara amemwambia kitabu cha leseni kimekwisha, na katikati ya safari hizo nne Hashimu aliingia ofisi ileile akatoka na yake, wino haujakauka.

"Siku hizi soko huria," alisema Ambindwile bila kuinua macho. "Kila mtu anaruhusiwa kufanya biashara. Ilimradi awe na leseni."

Mkataba ulikuwa umeshasainiwa na Hashimu asubuhi. Jana, jua likiwaka, skuta ya kwanza, aliyoifunga Hashimu kwa majaribio, ilikwenda Masoko na kurudi, kavu kabisa. Karani mwenyewe alisifu: yule bwana ana kichwa, ameitengenezea injini pua. Lugano aliyameza maneno hayo. Pua ile aliizaa yeye.

Skuta ilikuwa barazani. Aliitazama kama mtu anavyomtazama mchumba wake kwenye harusi ya mwingine. Mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, vibanio vinavyong'aa, kopo la alumini. Yeye alifunga la kwake kwa ukanda wa tyubu. Wivu ulimpanda hadi masikioni. Kisha akaona. Ili upendeze, Hashimu alikuwa ameuficha mpira, akaukunja chini ya sehemu ya kuwekea miguu kabla ya kuupandisha, na pale ulipokunjwa ulifanya tumbo. Ndani ya tumbo, tayari, kulikuwa na mtindi wa urefu wa kidole.

Lugano akatabasamu, akashuka ngazi bila kumwonyesha karani.

Alirudi chini ya turubai akakaa. Aliwaza oili ikimwagika, aliwaza uso wa Hashimu mbele ya karani, na mawazo yakamwingia matamu kama chai ya sukari nyingi. Utamu uliisha alipomwona Sekela, muuguzi wa mradi, akija kwenye mvua na skuta ileile, sanduku la chanjo nyuma, akielekea mteremko wa Masoko. Lugano akaingia barabarani akanyoosha mikono yote miwili.

"Kaka Lugano, unataka kuniua?"

"Zima. Hiyo itakumwagia oili kwenye gurudumu kabla hujafika."

Tayari alikuwa ameshika kisu wakati Hashimu alipovuka na mwavuli, suruali yake ya kaki imepigwa pasi.

"Usiguse, bwana. Ina dhamana yangu."

"Mpira umeziba."

Hashimu akainama, akaona mtindi. "Najua," alimwambia Sekela. "Nilikuwa nimepanga kurekebisha."

Lugano angeweza kukata mwenyewe, kwa dakika tano. Lakini Sekela alikuwa anatazama, na abiria wa stendi nao. Akageuza kisu, akampa Hashimu mpini.

"Basi rekebisha."

Hashimu alikishika. Akaugusa mpira hapa, akaugusa pale. Mtu mmoja akacheka.

"Nikate wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Piga goti kwanza. Umesimama, utaonaje?"

Hashimu akapiga goti kwenye matope. Lugano, mikono mfukoni, akaanza kumwamrisha kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo. Kata hapo. Hapana, juu zaidi, pasibaki tumbo. Upandishe wima, oili irudi yenyewe kwenye injini. Legeza waya ndani ya kopo, umeshindilia kama godoro. Watu walicheka, na kila walipocheka yeye alizidi kueleza. Hashimu alitii tu, na kila kitu alikifanya mara mbili, ya pili bila kuambiwa.

Kazi ilipoisha alisimama, oili hadi kwenye viwiko. Akatoa kitabu cha risiti kwenye mfuko wa ndani, kikavu, akaandika, akampa Sekela asaini kwamba fundi wa mradi ametengeneza.

"Zile tisa nitazimaliza kesho," alisema. Kisha akamgeukia Lugano, akamshukuru kwa Kinyakyusa cha kujifunza dukani. "Ndaga, fundi."

Watu wakatawanyika. Lugano alibaki barabarani, midomo wazi, akihesabu kimoyomoyo yote aliyoyasema. Sekela akawasha na kuteremka. Injini ilipumua vizuri, kona hadi kona, na Lugano aliisikiliza hadi ilipomezwa na migomba, akiichukia kila pumzi.