Majarida ya Najim

Pikipiki haina mabawa, jamani, lakini nenda kamweleze Najim! Kijana wa bodaboda pale Mapinga, mtoto wa pekee wa Adija muuza vitumbua, alinunua kwa muuza vitabu vya mtumba rundo la majarida ya Kizungu ya mashindano ya pikipiki za kuruka matuta. Kuyasoma hakuweza, lugha yenyewe haijui. Kuyatazama sasa! Akirudi kazini, chai haijapoa, keshayafungua. Watu wamelowa tope mpaka meno, magurudumu yote mawili yako hewani, na chini hakuna kitu. Anapitisha kidole kwenye picha taratibu, anatabasamu peke yake.

Adija alipozitazama picha hizo aliona jambo moja tu: mwanawe anaanguka. Karibu na kijiwe cha bodaboda palikuwa pamemwagwa kifusi cha barabara, kilima kizima, na kila alipopita hapo mama wa watu alikipima kwa macho. Amkataze? Aliogopa kumtia wazo ambalo pengine hakuwa nalo. Hofu ikamtafuna ndani kwa ndani.

Asubuhi moja Najim alipotoka, mama akayakusanya majarida yote. Kuyachoma roho ilimkataa, karatasi nzuri namna ile, ngumu, haipitishi mafuta! Akafanya kama afanyavyo muuza vitumbua yeyote: akayachanachana, akafungia vitumbua. Na wateja wake ni nani? Si haohao vijana wa kijiweni!

Kitumbua huliwa, karatasi ikabaki. Vijana wakazifuta mafuta zile picha, wakazibandika kwenye banda lao, ubishi ukaanza wa nani anaweza kuruka na nani mwoga.

Najim akaziona pale bandani, akarudi nyumbani amenyong'onyea. "Mama, ungeniambia tu. Mimi nilikuwa natazama, basi. Kuruka siwezi, naogopa."

Sasa Adija akawaogopa wale vijana wa bandani. Hofu yake ilikuwa imezaa hofu nyingine kubwa zaidi.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, akasikia pikipiki zinanguruma kule kwenye kifusi. Aliacha mafuta jikoni, akakimbia. Najim alikuwa juu ya pikipiki, midomo imemkauka, wenzake wamemzunguka. "Mwenye vitabu ni wewe! Tuoneshe!" Alipomwona mama yake alimtazama kwa macho ya mtoto anayetaka kubebwa.

"Najim! Ukipanda hicho kilima sina radhi nawe, duniani wala akhera!"

Wenzake wakarudi nyuma. Hakuna kijana wa pale anayefanya mchezo na radhi ya mama. Najim akashuka, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Adija akamshika mkono. Alhamdulillahi, mwanawe amepona.

"Basi nipisheni mimi," akasema Twalha, mmoja wa vijana wa kijiweni. Huyu alifiwa na mama angali ananyonya, na kila asubuhi Adija humwongezea kitumbua cha bure. "Mimi sina wa kuninyima radhi."

"Na wewe pia!" Adija akapiga ukelele. "Twalha, sitaki! Nakunyima!"

"Shikamoo, Mama Najim," akajibu akicheka, "lakini wewe hukunizaa."

Akapanda pikipiki yake, akavuta mafuta. Pikipiki ikapanda kifusi kwa kishindo, ikapotelea upande wa pili. Wakasikia imepiga chini, injini ikalia peke yake, ikazima.

Adija aliwapita vijana wote mbio. Alipofika akaketi juu ya kokoto, akampakata kichwa, akimwita mwanangu, amka mwanangu, jamani, mwanangu. Twalha hakuamka.

Watu wakaja kutoka barabarani, mmoja mmoja, wakainama kumpa pole mama aliyefiwa. Najim akafungua mdomo awaeleze kwamba mtoto wa huyu mama ni yeye, yu hai. Adija akamkataza kwa jicho, na kila pole akaiitikia.