Kizimba cha Neng

Kinyonga yule nusura amfie Imas mikononi kabla hata wiki ya kwanza haijaisha tangu Rangga aondoke.

Rangga, mwanawe wa pekee, alikuwa amekwenda Japani kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Chumbani kwake, kwenye kichochoro chao cha mji wa Bandung, aliacha kitanda, gitaa lililokatika nyuzi, na Neng: kinyonga jike wa kijani, mwenye kishungi kichwani kama pezi la papa, aliyeishi ndani ya tangi la vioo lililowahi kuwa la samaki. Juu ya tangi palikuwa na taa yake ya joto. Taa ikaungua. Imas akampigia mwanawe simu.

"Mtoe juani tu, Ma," Rangga akasema, pumzi zikimpanda. "Jua la asubuhi linamtosha. Samahani, kengele inalia, kuna mzee ananiita."

Imas akalibeba tangi, akalipachika juu ya ukuta mfupi wa baraza, akarudi kwenye karai lake. Alikuwa muuza tofu, vipande vya soya iliyogandishwa na kukaangwa, na mafuta yakishachemka huna jicho la kutazama kitu kingine. Alipokumbuka kwenda kuchungulia, alimkuta Neng amepauka, kinywa wazi, kajibanza pembeni kama anayetafuta mlango. Vioo vilikuwa vya moto hata vikamuunguza vidole. Imas hakuwahi kumgusa mnyama huyo. Akimwona tu, mwili ulimsisimka. Siku ile alimchota kwa mikono miwili, akamkimbiza kivulini, akamlaza kwenye tawi la ua la hibiskasi na kumnyunyizia maji kidogo kidogo.

"Ceu Imas!" sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta, ikimwita dada kwa lugha ya kwao. "Leo tofu umeichoka, unakaanga mijusi?"

Alikuwa Mang Odang, yaani Mjomba Odang, jirani, mzee mfuga ndege, rafiki wa siku nyingi wa marehemu mume wake. Imas alikuwa akitazama rangi ya kijani ikirudi polepole ubavuni mwa kile kiumbe. Akajisemea: huyu hafi nyumbani kwangu. Kwangu hafi.

Kesho yake alikwenda soko la ndege kununua nyenje wa kumlisha, akamweleza muuzaji, binti mmoja aliyeitwa Wiwin, yaliyotokea.

"Bi, kioo kinamuua," Wiwin akasema huku akichota nyenje. "Juani kinageuka tanuri. Tena anajiona humo, anadhani ni adui, anaishi na hofu. Mtengenezee kizimba cha waya, hewa ipite. Kirefu cha kwenda juu, huyu ni wa kupanda. Jaza miti mibichi, nusu jua nusu kivuli, achague mwenyewe. Na maji usimwekee bakulini, atakufa na kiu anayatazama. Anakunywa matone yanayoteremka kwenye majani."

"Kwa hiyo anataka msitu."

"Anataka msitu, Bi. Mdogo tu."

Nyuma ya nyumba ya Imas kulikuwa na kabati la vioo la mkokoteni wao wa kwanza wa tofu. Mumewe alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za mtiki walipokuwa wachumba. Imas alilitazama kwa muda, akashusha pumzi, kisha akachukua nyundo.

Mlio wa kioo cha kwanza ulimleta Mang Odang mbio mbio. "We Imas! Kabati la marehemu hilo!"

"Nalijua."

"Unalivunja kwa ajili ya mjusi?"

"Mwaka wa ngapi huu halijaona tofu? Mende ndio wapangaji. Kama umekuja kunililia, lia ukiwa umeshika ubao huu, nisije nikajikata."

Mang Odang alishika ubao. Alishika akinung'unika, lakini alishika.

Imas alitoa vioo vyote, akalisimamisha kabati wima kwenye ubavu wake mfupi, akaligongomea waya pande zote. Vidole vilichubuka, damu ikamtoka. Jioni alimweka Neng ndani, akawamwaga nyenje, akakaa kujipongeza kwa chai. Chai haijapoa, nyenje wakawa wamekwisha kupenya kwenye matundu ya waya na kuenea nyumba nzima. Mmoja aliimba ndani ya mfuko wa unga. Mwingine alirukia karai mbele ya mteja.

"Tofu yako siku hizi ina nyama!" mteja akasema, akaondoka mikono mitupu.

Imas akaung'oa waya wote, akanunua wenye matundu madogo, akaanza upya. Hakumwambia Rangga. Alipanda hibiskasi kwenye chungu, na mtambaa wa majani mapana, akakingamisha matawi ya mpera ya unene tofauti. Juu yake akaning'iniza kopo la plastiki alilolitoboa kwa sindano, maji yakawa yanadondoka jani kwa jani. Neng alilikaribia tone la kwanza, akalitazama kwa jicho moja, jicho jingine likimwangalia Imas. Kisha akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu, koo likipanda na kushuka, na Imas akajikuta naye anameza mate.

Kazi ikabaki ya jua. Baraza lilipata jua la asubuhi kwenye kona moja tu, na kona hiyo ilikuwa na nguzo ambayo Mang Odang alitundikia tundu la ndege wake wa mashindano ya kuimba.

"Haiwezekani," Mang Odang akasema. "Ndege wangu akiliona hilo dude, ananyamaza. Mashindano ni Jumapili!"

"Nguzo iko upande gani wa ukuta, Mang?"

"Wako. Lakini mumeo aliniruhusu."

"Aliruhusu, na mimi sijakufukuza. Sogea ng'ambo ya ukuta, kwako, jua lipo pale pia. Nitakutundikia shuka katikati, wasionane."

Mzee alitaka kuendelea kubishana, lakini Imas alikuwa amekwisha kukishika kizimba upande mmoja, akimsubiri ashike wa pili.

Majuma kadhaa yalipita vizuri. Halafu Neng akaacha kula. Akaacha matawi yake mazuri, akashuka chini, akawa anazunguka sakafuni mwa kizimba na kukwaruza ubao usiku na mchana.

"Anatafuta pa kufia," Mang Odang akasema, safari hii bila utani.

Imas akampigia Rangga simu, akamweleza. "Labda siku zake zimefika, Ma. Usijilaumu. Umemfanyia mengi kuliko mimi."

"Hebu acha kunizikia mnyama akiwa hai," Imas akasema, akakata simu.

Alimtoa, akamweka kiganjani. Siku hizo mwili haukumsisimka tena. Akampapasa tumbo taratibu. Chini ya ngozi kulikuwa na vivimbe, kimoja kimoja, kama karanga ndani ya soksi. Imas alikuwa amefuga kuku utotoni.

"Mayai," akasema kwa sauti. "Masikini, una mayai!"

"Dume hana, mayai atayatoa wapi?" Mang Odang akauliza.

"Kwani kuku wa kizungu wana madume? Mang, hakwaruzi ubao kwa kichaa. Anatafuta udongo, na mimi nimemjengea nyumba isiyo na chini."

Alichukua ndoo kubwa, akaenda kwa mafundi waliokuwa wakijenga mwisho wa kichochoro, akaomba mchanga. Aliuchanganya na udongo, akaulowesha mpaka alipotoboa shimo kwa kidole likasimama bila kubomoka. Akaitia ndoo kizimbani. Neng aliingia, akachimba kidogo, mteja akapaza sauti kuagiza tofu, na Neng akatoka, akaliacha shimo.

Basi Imas akazima jiko. Akakifunika kizimba kwa shuka, akaandika kwenye kipande cha boksi kwamba leo hakuna tofu, akakitundika mlangoni. Wateja walipogonga, Mang Odang ndiye aliyewafukuza, kidole mdomoni, akiwa amekwisha kuwahamishia ndege wake chumba cha nyuma ili wasipige kelele.

Neng alichimba mchana kutwa. Alasiri Imas alipochungulia kwenye upenyo wa shuka, mkia tu ulionekana nje ya mchanga. Akarudi kukaa kwenye kigoda, mikono mapajani, hakufanya kitu kingine chochote. Magharibi ilipokaribia, Neng alitoka amekonda, ngozi imemlegea, mchanga umemjaa kwenye kishungi, akaanza kulifukia shimo kwa miguu ya nyuma, taratibu, bila kuacha upenyo.

Imas alimnywesha maji. Asubuhi yake Neng alidaka nyenje wa kwanza kwa ulimi mrefu, akadaka wa pili, na Mang Odang akampigia makofi kama yuko kwenye mashindano.

"Rangga amerudi kupiga," akasema. "Simu yako inalia ndani, Ceu."

"Mwambie Neng mzima, na yeye awahi kwa wazee anaowatunza." Imas alikuwa amepanda juu ya kigoda, futikamba mkononi, anapima upana wa kizimba. Mawingu yalishaanza kujikusanya juu ya milima, mvua za msimu hazikuwa mbali, na kizimba hakikuwa na paa. "Nishikie hapa, Mang. Kaza. Halafu unisindikize dukani tukachague turubai."