Jua la Kushoto

Nilipouondoa ua wa nyumba yetu nje ya dirisha la mama, jua nalo likaondoka. Cherehani ikabaki gizani, kuta zikageuka rangi ya majivu, na chumba nilichokitengeneza kwenye kompyuta kwa mapenzi yote kikafanana na stoo.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ya kuchora nyumba ambazo bado hazijajengwa. Tulizipamba mpaka mteja ajione ameshahamia. Lakini picha hii haikuwa ya mteja. Nyumba yetu ilikuwa ibomolewe kupisha barabara, kaka yangu alikuwa ameshapata fleti ghorofa ya tatu, na sote tulikuwa tumekubali isipokuwa mwenye nyumba mwenyewe, mama.

Mama alikuwa fundi wa nguo tangu sijazaliwa. Alishonea mahali palepale, mgongo kwa mlango, dirisha kushoto kwake, akitunga uzi kwenye sindano bila miwani kwa jua la asubuhi. Wageni walizoea kuuamkia mgongo wake.

"Huko mnakonipeleka nitaona nini?" aliuliza. "Nikishindwa kutunga uzi, mimi ni nani tena?"

Kaka akajibu kwamba kuna taa za umeme. Mama alimkazia macho mpaka akatafuta kisingizio cha kutoka nje.

Ndipo nikakichora chumba chake, pamoja na kiti chenye mto uliobonyea na mkebe wa vifungo uliopoteza mfuniko. Nilitaka kubadilisha mandhari ya nje tu. Badala ya ua, aone matangi ya maji na mapaa ya majirani, kama yanavyoonekana kutoka kule fletini, ila ndani kila kitu kibaki kilekile. Kumbe katika programu yetu picha ya nje ndiyo inayomulika ndani. Kaka alikuwa ameipiga siku ya mawingu, nami nikawa nimemhamishia mama mawingu yenyewe.

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa meza pale ofisini, tuliyemwita Kivuli kwa sababu alishinda akihangaika na vivuli vya samani.

"Vitenganishe," aliniambia. "Macho yaone mandhari mapya, chumba kiendelee kumulikwa na anga la zamani. Kompyuta haina wivu."

Nikavitenganisha. Jua likarudi taratibu, likapanda meza, likakaa juu ya cherehani kama lilivyozoea. Nilifurahi hadi machozi yakanilengalenga.

Mama alipoonyeshwa, aligusa kioo kwa kidole.

"Hili jua langu," alisema. "Basi nitahama."

Kaka akanikonyeza. Ningeweza kunyamaza, mambo yakaisha hapo. Lakini mama hakuwa mteja.

"Mama, jua nimelitoa hapa nyumbani," nilisema. "Picha ya nje tu ndiyo ya kule. Kama kule nako jua linaingia, sijui."

Kaka akashika kichwa. Mama akaondoa kidole kwenye kioo.

"Kesho asubuhi twende tukalitazame," akasema.

Tulipanda ngazi polepole, kaka nyuma yetu na kiti begani, kwa maana mama alikataa kukata shauri akiwa amesimama. Fleti ilinuka rangi mbichi. Tulipofungua chumba, jua lilikuwa limejaa tele sakafuni, na kaka akapiga makofi kama mtu aliyelileta yeye.

Mama alikiweka kiti kama kilivyokuwa kwenye picha yangu, mgongo kwa mlango. Akachomoa sindano iliyokuwa kwenye ukosi wa gauni, akalamba ncha ya uzi. Uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni. Dirisha la kule lilikuwa upande wa kulia, na kivuli cha mkono wake mwenyewe kilikuwa kinaifunika sindano. Picha yangu ilikuwa imelitunza jua pamoja na upande wake wa kushoto.

Kaka aliacha kupiga makofi. Mimi niliogopa, kwa kweli. Niliwaza kwamba sasa atateremka zile ngazi na hatazipanda tena.

Mama alilitazama dirisha, akautazama ukuta mtupu mbele yake. Kisha akainuka, akakigeuza kiti, akakaa akiuelekea mlango. Jua likamjia kushoto. Uzi ukapita mara moja.

"Picha yako nzuri, mwanangu," alisema, akifunga fundo. "Ila nimechoka kuamkiwa mgongo." Akamgeukia kaka. "Na wewe umesimama nini hapo? Nenda ukaniletee cherehani."

Ile picha ninayo bado, na sijairekebisha. Siku hizi nikifika ghorofa ya tatu naukuta mlango wazi, na kabla sijapiga hodi nasikia cherehani ikinyamaza.

"Pita, mwanangu. Nimeshakuona."