Mzizi wa Shamba Arobaini na Moja

Foresta Kinyua, msimamizi wa msitu, aling'oa mche kwa mkono mmoja, bila kutumia nguvu. Akaugeuza watu wauone. Mzizi wa katikati ulikuwa umekatwa kwa panga, na kidonda kilikuwa cha zamani.

"Hii shamba ni ya nani?"

Kigingi cha shamba kilikuwa kimeandikwa 41, na kila mtu alijua.

"Ni yangu," alisema Celina.

Ujanja ule haukuwa wake peke yake. Unapewa robo eka msituni, unapanda viazi katikati ya miche, na miche ikishatoa kivuli unaondoka. Mjane asiye na shamba lingine anaondoka kwenda wapi? Basi wakati wa palizi unapitisha panga chini ya udongo. Mche haufi wala haukui, nawe unapata msimu mwingine. Mukiri wa shamba 42 ndiye aliyemfundisha. Sasa Mukiri alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mnaniuliza mto ulienda wapi," Kinyua aliwaambia. "Si muulize huyu mama?"

Mto ulikauka Agosti. Nduma za bondeni zilikufa kwanza, sukuma wiki ikafuata. Miaka yote ukungu ulilala juu ya miti ya muuru kule kwenye chemchemi ya mto hadi saa nne asubuhi, na kiangazi hakikuwahi kuyamaliza maji. Tangu Januari miti hiyo ilikatwa mchana kweupe, lori baada ya lori, na geti la foresta lilifunguliwa kila mara. Wote waliyaona malori.

"Lakini foresta, hii ni miche tu. Ile miti ya chemchemi..." Celina alianza.

"Mama, unataka twende kotini ama tumalizie hapa?"

Karatasi ilikuwa imeshachapwa: mto umekauka kwa sababu ya uharibifu wa mwanachama wa chama cha wakulima wa msituni. Nafasi ya jina tu ndiyo iliyokuwa wazi. Celina alitia sahihi juu ya boneti ya gari. Viazi vyake vilikuwa vimebakiza wiki tatu kuvunwa, na sasa, pamoja na shamba, havikuwa vyake tena. Alijitafutia hasira, hakuipata. Alisikia uchovu tu.

Jumapili katekista aliisoma karatasi hiyo baada ya matangazo ya ndoa.

Jumatatu, kwenye kidimbwi pekee kilichobaki, Nelius, aliyekaa na Celina benchi moja kanisani miaka ishirini, aliusukuma mtungi wa mwenzake kwa mguu hadi mwisho wa foleni.

"Wewe utachota mwisho. Si ni wewe ulitumalizia maji?"

Celina aliwahi kumwona Nelius akipalilia shamba lake la msituni. Alijua panga lake linavyopita. Akaenda nyuma.

Walipobaki wanawake wawili mbele yake, lori la magogo lilisimama barabarani, likitoa mvuke. Dereva akateremka na mitungi miwili.

"Akina mama, nisaidieni kidogo. Redieta imechemka."

Wakampisha. Nelius mwenyewe alimshikia mtungi usiyumbe. Dereva alichota mpaka kikombe kikakwaruza mawe, akawashukuru kwa heshima, akaenda kumwaga yote kwenye lori. Likanguruma, likashuka kuelekea Meru mjini.

Wale wawili wakapata nusu nusu. Celina akapiga magoti, akaanza kuchota tope.