Pumzi ya Mama Hasmik

Agosti, Johannesburg, upepo hubeba vumbi la migodi, vumbi la njano kama unga wa mahindi. Hupenya madirisha, hutua juu ya viti, juu ya mabega, juu ya ndimi za waimbaji. Ndani ya vumbi hilo Hasmik alikuwa akiinua mikono.

Mikono hiyo ilitoka mbali. Ilizaliwa Gyumri, Armenia, kwa baba mchonga mawe. Ikafunzwa Yerevan kuongoza kwaya, kuinua sauti bila kuigusa. Kisha ikaja ile Desemba ya 1988, ya tetemeko la ardhi. Shule yake ya Gyumri ikaanguka, na wengi wa watoto aliowafundisha kuimba hawakutoka. Hasmik akaishusha mikono. Akaolewa na Vardan, fundi wa saa, akamfuata hadi Johannesburg, akamzika Johannesburg, na mikono ilikuwa bado haijainuka.

Mwaka 2015, akipita katikati ya mji, alisikia wimbo ukishuka kutoka ghorofa ya pili ya jengo kuukuu. Walikuwa Wakongo: mafundi cherehani, wasusi, walinzi, watu waliokimbia vita na kuacha kila kitu ila sauti. Waliimba kwa nguvu, kila mtu na njia yake. Akapanda ngazi. Kiswahili hakijui, Kifaransa hakijui. Akainua mikono tu. Nao, sijui kwa nini, wakanyamaza, wakamtazama.

Kwaya ikawa kwaya. Kiswahili akakiokota kwao, neno kwa neno, kama mchele uliomwagika. Wakaalikwa mitaa ya jirani, Berea, Rosettenville, wakafika hata Pretoria. Wakamwita Mama, akaitika.

Ndipo, mwanzoni mwa 2018, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Aliujua mtetemo ule: ndivyo ulivyoanza wa baba yake, mpaka patasi ikawa haishikiki. Akauficha. Akashika karatasi, akashika kiti, akaongoza kwa mkono wa kushoto. Chumbani kwake, mtaa wa La Rochelle, akimenya viazi na kisu kikimchezea, alijiuliza: kiongozi wa kwaya bila mikono ni nani?

Jumamosi moja ya 2019 mkono uliruka, ukaangusha kisimamio cha karatasi za nyimbo mbele ya wote. 

"Wanangu, basi," alisema Hasmik. "Mkono wangu umekwisha. Tafuteni mtu mwingine."

Marcelline, fundi cherehani, kiongozi wa sauti ya alto, akacheka. Akacheka!

"Mama, weye unafikiri hatukuona? Siye tulijua tangu Pasaka ya mwaka jana."

"Tangu Pasaka?"

"Eish, Mama," alisema Thierry, mlinzi mwenye besi nzito. "Mkono hatuuangalii tena. Tunasikiliza pumzi yako. Weye ukivuta, siye tunavuta."

Mwaka mzima! Mwaka mzima hakuna aliyechelewa kuingia katika wimbo, naye alidhani ni kazi ya mkono wa kushoto. Mwaka mzima alijificha kwa watu waliokwisha kumwona, wakamnyamazia, wakajifunza kumfuata upya.  Akaketi sakafuni, akalia, akacheka, akapenga kamasi kwa leso ya Marcelline.

"Simama sasa, Mama. Tuanze."

Akasimama. Mkono wa kulia akauacha utetemeke utakavyo, mbele ya macho ya wote. Akavuta pumzi. Watu ishirini na wawili wakavuta pamoja naye, na wakaingia, wote, kwa mara moja.