Nakala ya Ishirini na Moja

Ukitaka kugombana na Mudathiru, fundi wa fremu wa mjini Kamembe, Rwanda, mwambie tu kwamba karatasi zake ni mabango. Atakuweka hapo nusu saa akufundishe, utake usitake. Hizo ni chapa za Bahizire, mchoraji wa kuta aliyehamia Kamembe kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Kila akimaliza ukuta, Bahizire huuchonga mchoro uleule kwenye kibao, akakipaka wino na kutoa nakala ishirini tu, kila moja na namba yake kwa penseli. Zikitimia ishirini, kibao hukatwa kwa patasi kisitoe nyingine. Mudathiru alikuwa nazo thelathini na moja, za kuta thelathini na moja, zote namba saba, na hapakuwa na mtu wilaya nzima ya Rusizi aliyeringa kama yeye.

Ya thelathini na moja ilikuwa ya mama yake.

Bi Nuriati aliuza sambusa karibu na daraja la mpakani la Rusizi II miaka na miaka, na hakupenda kupigwa picha. Ukiinua simu, anavuta mtandio usoni na kukutimua. Bahizire alimchora kwa kumkumbuka tu, kwenye ukuta wa ghala la njiani: uso mpana, na yale macho yaliyoanza kukucheka kabla hujafungua mdomo. Bi Nuriati alimtukana asubuhi nzima, kisha akampa sambusa nne. Wiki tatu baadaye mwenye ghala akapaka ukuta wote bluu. Haukupita mwaka, presha ikampiga Bi Nuriati alfajiri, akazikwa adhuhuri.

Mdogo wake, Mukakalisa, anaishi Bweyeye, kule pembeni mwa msitu, ambako mvua ikiharibu barabara basi tena. Alifika siku ya pili, matope hadi magotini, akakuta kaburi. Hakuwa amemwona dada yake kwa miaka sita. Alilia kilio ambacho Mudathiru hakukiweza, na kwa kuwa chapa zake zilikuwa mjini Huye kwenye maonyesho, alimshika mikono akamwahidi.

"Mama mudogo, arobaini ukuye. Utaona sura yake. Iko kwangu, ata mvi zake zinaonekana."

Sasa kesho ndiyo arobaini, na Uwase, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana na bahasha.

Chapa zilikuwa zimerudi kutoka Huye, na nyumba yao ilikuwa inavuja. Uwase aliona wageni watakuja, mvua itanyesha, na sura ya mama mkwe wake italowa mbele za watu. Akafanya ambalo kila mtu Kamembe hulifanya kwa karatasi anayoiheshimu, iwe diploma, hati ya shamba au cheti cha ndoa: aliitoa kwenye fremu akaipeleka kwenye kibanda cha fotokopi ikatiwe plastiki. Hakujua kwamba Bahizire hutengeneza wino wake kwa masizi na rangi ya viatu. Mashine ilipopata moto, nta ya hiyo rangi iliyeyuka. Ndani ya plastiki safi, inayong'aa, palikuwa na doa jeusi na kipande cha mtandio.

"Nilitaka maji isimuingie," Uwase alisema. "Sikuwa najua, Papa Sumaya. Wallahi sikuwa najua."

Mudathiru alitaka kufoka. Lakini mwanamke huyu ndiye aliyemwosha mama yake kwa ajili ya mazishi. Aliiweka ile plastiki kifudifudi mezani na kushika simu.

Gasana, mkusanyaji mwenzake aliyekuwa na namba tisa ya chapa hiyo, alikuwa ameshaiuza kwa mgeni wa Ubelgiji. Wenye nakala nyingine wote walikuwa mbali. Picha ya simu ya hiyo chapa haikuwepo popote, kwa sababu Mudathiru mwenyewe ndiye aliyekataza, akiogopa vibanda visije vikachapa za uongo. Ya ukuta ilipatikana moja, kwa dereva wa pikipiki: alikuwa amesimama mbele yake kwa maringo, na helmeti yake imeuziba uso wa Bi Nuriati wote. Mudathiru aliitazama hiyo helmeti mpaka machozi yakamtoka kwa hasira.

Akaenda kwa Bahizire mbio, viatu vya karakana miguuni.

"Kibao kiko fasi gani?"

Bahizire alimtazama kwa huruma. "Grand frère, kaka yangu, kile kibao ulikikata weye."

Alijua. Njia nzima alikuwa akijitahidi asikumbuke. Siku ile nakala ya ishirini ilipotoka, mama yake alikuwa amekaa papa hapa kwenye kigoda, kapu la sambusa miguuni. Bahizire alishaandaa karatasi nyingine.

"Tosha moja ingine," Bi Nuriati aliomba, maana yake itolewe. "Ya kumutumia mudogo wangu kule Bweyeye. Yeye hataiuzisha."

Na Mudathiru, mwanawe wa kumzaa, akasema hapana. Ishirini ni ishirini. Ikitoka moja zaidi, zote zinakuwa karatasi za kufungia sambusa. Ndivyo alivyosema, mbele ya kapu lake. Akachukua patasi yake mwenyewe, ile nyembamba ya fremu, akakata mara mbili. Mama yake alicheka kidogo, akajitwisha kapu. "Haya, Papa. Weye ndiye unajua."

"Tosha moja vilevile," Mudathiru alisema sasa. "Na zile alama za patasi. Nakuomba. Chukua chapa zangu zote thelathini, lakini kesho nisimuoneshe Mama mudogo ukuta mutupu."

"Nitazipeleka wapi? Kaa kwanza."

Bahizire alikitoa kibao chini ya kitanda, akakifuta vumbi, akakipaka wino, akalaza karatasi na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Akaibandua. Paji la uso lilikuwepo, na mvi, na mashavu. Patasi ilikuwa imepita kwenye macho. Yote mawili yalikuwa mikwaruzo myeupe.

"Niandike namba gani?" Bahizire aliuliza, penseli mkononi.

"Ishirini na moja," Mudathiru alisema. "Ndiyo aliyoomba."

Kesho yake, dua ilipokwisha na sahani zikaondolewa, Mukakalisa aliomba aoneshwe. Mudathiru alimletea fremu, akampa mikononi, akapiga magoti mbele yake. Uwase alikuwa ameegemea mlango, kichwa chini, akingoja kutajwa.

Mukakalisa alipapasa mashavu juu ya kioo, polepole. Akatabasamu. Kisha kidole chake kikafika juu, kikasimama.

"Na macho? Nani alimutosha macho?"

Uwase alifungua mdomo.

"Ni miye, Mama mudogo," Mudathiru alisema. "Alikuwa ameomba moja yako. Nilimukatalia, nikakata."

Mukakalisa aliikumbatia fremu kifuani, uso wa dada yake ukiwa umeelekea ndani, akauliza gari la kwanza la kurudi Bweyeye linaondoka saa ngapi.